Tangazo Lililoishia Ndani ya Jengo

Jumanne, 17 Juni 2003. Asubuhi baridi na upepo mkali.

Theresia wa tawi letu la Manyoni alifika ofisini akitoka kwenye kaburi la baba yake. Tulimzika Jumamosi kijijini Sepuka, yeye hayupo.

"Dada, ofisi nzima mlikuwa Sepuka. Mimi mwanawe nilikuwa nafua nguo!"

Ijumaa kaka yake aliniomba nimpe habari ya msiba. Niliituma kwa kompyuta, kwenye anwani ya kundi la wafanyakazi. Nikaona imekwenda, sikupiga simu.

Lakini anwani za kundi zina mipaka. Kuna ambayo ujumbe wake hufika matawini, na kuna ambayo ujumbe wake huishia ndani ya jengo. Ruta, kile kifaa kinachounganisha kompyuta zetu na za Manyoni, haiupitishi, hata kama watu wa huko wamo kundini. Hiyo ya jengo niliipanga mwenyewe, ili matangazo yetu ya chai yasiwajazie laini. Ndiyo niliyotumia, kwa mazoea tu.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasema laini ilikuwa mbovu.

"Haya, dada. Asante kwa kuhangaika," akasema, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Saa saba usiku. Nalala.