Kufuli Kwenye Namba za Pembeni

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Kompyuta imefika ofisini! Mashine yangu ya taipu imepelekwa stoo. Kazi ya kwanza: cheti cha minofu ya sangara, nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kiduara kidogo cha nyuzi hakipo kwenye kibodi. Nimeweka sifuri mahali pake. Nani atajua?

Jumatano, 9 Oktoba
Wamejua. Faksi kutoka Ulaya: samaki wenu wako nyuzi 180 chini ya sifuri, mmewavua mwezini? Mzee Nkwabi, mwenye kampuni, kaisoma mbele ya watu wote. Mimi bado niko kwenye majaribio. Cheti kingine kikirudi, nirudi kwetu Magu nikalime pamba. Nimelia chooni.

Alhamisi, 10 Oktoba
Fundi Josephat kanifundisha. Shikilia kitufe cha Alt, piga 0176 kwenye namba za pembeni kulia, achia. Kiduara hicho! Nimejaza ukurasa mzima. Mzee alikuwa nyuma yangu, anahesabu vidole vyangu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Jamani! Namba za pembeni zimefunikwa kiboksi cha mbao. Kina kufuli, kama lile la kuzuia watu wasipige simu ya ofisi! Karani Masalu anasema Mzee kaona namba inaanza na sifuri, basi kadhani napiga simu za mbali. Nikamfuata Mzee.
“Shikamoo, Mzee. Ile haipigi simu.”
“Marahaba. Na ule waya?”
“Wa umeme, Mzee.”
“Hata simu ina waya. Ukitaka Ulaya, omba ufunguo.”

Jumamosi, 12 Oktoba
Mzee kavuka ziwa kwa feri ya Kamanga alfajiri, msibani. Na ufunguo! Saa sita lori la samaki liko getini, dereva anapiga honi, anataka cheti. Masalu anasema tumsubiri Mzee. Asubiri yeye, haendi kulima pamba!

Nyundo. Pigo la tatu kufuli likaachia. Alt. Sifuri, moja, saba, sita. Nikaachia—simu ikaita!

“Umewapata!” Masalu karuka. Kapokea: Ulaya kweli, wanauliza cheti. Nageuka, Mzee yuko mlangoni, karudi na feri ya saa tano. Anatazama kufuli sakafuni. Anatazama kompyuta.

Hajanigombeza. Kasema kwa upole, nikimaliza na hao, nimpigie mwanawe Obedi, yuko Uingereza, mwaka wa pili kimya. Sasa anatafuta miwani aisome namba, nami naandika haya chini ya meza. Nikisema haiwezekani, kufuli nimelivunjia nini? Kaipata miwani. Kavuta kiti, kakaa karibu na kibodi, kavua kofia.

“Haya, mwanangu. Sifuri, sifuri…”

Nimeshika Alt.