Ngazi za Kushukia Ziwani

Goma, tarehe 4 Februari 2024

Papa yangu mupendwa,

Jambo sana toka huku. Mugongo wako unasema nini na baridi ya Bukavu? Na Mama, kikohozi kimemuachilia? Mimi niko muzima. Kwa shangazi Généreuse nakula vizuri, hata kama siku zingine tunasikia mizinga upande wa Sake.

Staji ya masomo yangu ya kuchora nyumba, uliyonitafutia kwa rafiki yako Papa Bashige imeanza. Anajenga hoteli pembeni ya ziwa, na bosi wangu, architecte Achille, ameniachia nichore sehemu ya inje. Lakini kuna neno moja. Ndani ya parseli ile, kiwanja cha hoteli, inapita njia ambayo wamama wa kartie, majirani wa pale, wanashukia maji tangu zamani. Papa Bashige anataka ukuta uifunge, ufike mpaka ziwani. Mimi nimechora ukuta unaoiacha njia pembeni, na hoteli haipoteze hata chumba kimoja. Nitamuonyesha juma hili. Plani ni nzuri, Papa. Atakubali.

Mutoto wako,
Joviale


Bukavu, tarehe 20 Februari 2024

Joviale mutoto wangu,

Salamu zako zimefika na boti. Mugongo unauma, lakini unanifikisha ku kazi. Mama yako anakohoa kidogo tu, anakusalimia.

Bashige amenipigia simu. Anasema ulimuambia mbele ya wafanyakazi wake: "Papa, ulinunua udongo, haukununua kiu ya watu." Ni kweli? Mutu aliyekubeba mukononi siku ya ubatizo wako! Sasa Achille amekufukuza, na bila staji hakuna diplome. Mwanafunzi anachora anachoambiwa. Siku utakuwa na parseli yako, acha njia zote unazotaka. Enda ukamuombe Bashige radhi, na usiniandikie mpaka umefanya hivyo.

Papa yako,
Murhula


Goma, tarehe 17 Machi 2024

Papa,

Nakusalimia kwa heshima, na Mama pia. Shangazi ametuma samaki kavu, mutazipata pamoja na barua hii.

Nilienda kwa Papa Bashige. Nilimuomba radhi juu ya kumusemea vile mbele ya watu, maana ile ilikuwa vibaya. Alicheka, akanipa fanta, akasema: "Imeisha, mutoto wangu. Sasa chora ukuta."

Nikamujibu: "Radhi nimeomba, Papa. Ukuta, hapana."

Basi akapata mwengine wa kuuchora, na umekwisha kujengwa. Wamama sasa wanazunguka kwenye mawe ya volkano, yale yenye kukata kama chupa. Juma lililopita Mama Uwimbabazi aliteleza na bidoni ya maji mugongoni. Ni mama aliyekimbia vita ya Kibumba, anakaa kwa jirani yetu, na ana mimba kubwa. Mimi na mwenzangu wa darasa, Ange, tulimubeba mpaka ku hospitali. Mukono umevunjika. Mutoto angali anacheza tumboni, Mungu ashukuriwe. Alituambia: "Nilikimbia masasi ya vita nikapona, kumbe jiwe lilikuwa linaningojea huku."

Papa, ku masomo wanatufundisha kama nyumba ina wenyewe wawili: anayelala ndani, na anayepita inje. Neno hilo sikutaka kulijibia ku examen tu. Mimi na Ange tulienda kwa padiri. Parokia ina kipande cha udongo kinachofika ziwani, kandokando ya ukuta ule. Amekubali tujenge pale ngazi za kushukia maji, na wakristu wanaleta mawe. Shule nayo imekubali kazi hiyo iwe staji yangu. Nitaitetea mbele ya juri ya walimu mwezi wa nane.

Najua utakasirika. Tunajenga.

Joviale wako


Goma, tarehe 30 Juni 2024

Papa yangu,

Hamujambo huko? Boti zinafika, barua yako haiko ndani. Mama ameniambia kwa simu kama uko muzima, basi nimetulia.

Mama Uwimbabazi amezaa musichana, mukubwa, mwenye sauti! Mukono wake umeanza kunyooka. Ngazi zimefika katikati. Plani yetu ya kwanza tuliwaonyesha wamama, wakacheka: "Na huyu anayepanda amejaa maji, na huyu anayeshuka, watapishana juu ya kichwa?" Tukafuta, tukachora upya, pana, na fasi ya kutua bidoni katikati ya mupando. Ange alinuna siku nzima juu ya mistari yake iliyofutwa. Mimi nilifurahi.

Sikuombi ruhusa, Papa. Nakuomba tu uje uone.

Mutoto wako,
Joviale


Bukavu, tarehe 8 Septemba 2024

Mwalimu wangu Joviale,

Nakusalimia wewe, shangazi yako, na huyo Ange anayenuna. Sisi tuko wazima.

Nilisikia kama juri imekupitisha. Mama yako aliimba mpaka majirani wakaja kuuliza. Mimi sikuandika, maana nilikuwa na aibu, na kalamu haipendi mutu mwenye aibu.

Sikia sasa. Mwezi wa saba kazi ilinituma Goma. Nilifikia kwa Bashige, tukakula, akanipeleka juu ya baraza lake kunionyesha ziwa. Ng'ambo ya ukuta tukasikia kelele. Ulikuwa chini pale, na kofia ya fundi kichwani, unabishana: "Ngazi hii moja imeinuka sana. Mama mwenye mimba hataipanda. Vunja." Fundi akasema simenti imekwisha kukauka. Ukasema: "Ndiyo maana nimekuletea nyundo." Akavunja.

Bashige akatikisa kichwa: "Murhula, mutoto huyu ni mukaidi."

Nikamuambia: "Mukaidi kabisa. Na mimi ndiye nilimulea." Nikamaliza kahawa, nikamuaga.

Sikukuita. Ulikuwa ku kazi, na boti yangu ilikuwa inapiga honi. Lakini nilishuka kwanza kwenye zile ngazi zilizokuwa zimekauka, nikapanda tena. Mugongo haukulalamika.

Huku Kadutu, mvua imebeba njia ya mutelemuko inayoenda ku dispensari yetu, na wagonjwa wanabebwa kwenye matope. Jana komite ya kartie ilikaa. Wakauliza nani anajua mutu wa kuichora vizuri. Nikasimama, nikasema architecte atafika na boti ya siku ya tano, Ijumaa. Wakaniuliza anaitwa nani, ni mutoto wa nani. Nikawaambia watamuona.

Panda boti. Kuja na metre yako ya kupimia.

Papa yako,
Murhula