Kwa Nini Kangeta Imeishinda Studio

Kwako Kendi, dada yangu,

Muga! Salamu hizi zikukute hapo Githongo ukiwa na afya, na Baba na Mama wakiwa wazima, na mvua ikiwa imewapa nafasi ya kuanika mahindi. Goti la Mama linaendeleaje? Kwenye simu huniambia limepona, lakini nasikia anavyoshusha pumzi akikaa, kwa hiyo nakuuliza wewe. Na kahawa je, mmemaliza kuchuma, au bado mnabishana ni nani atabeba gunia kupeleka kiwandani? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni nitayasema huko mbele, usinikimbize.

Nimeshika kalamu kwa sababu ulichoniuliza hakijibiki kwa simu. Tukianza mambo ya bendi tunakatizana, mtandao nao unatukatiza, halafu kila mmoja anakata simu akiwa amenuna. Barua hii nimempa nesi mmoja wa Chuka ambaye huwa tunaonana kanisani. Anakuja likizo. Mpe chai na umkalishe, ni mtu wa watu.

Nirudie swali lako ili ujue nimelielewa. Bendi ina rekodi mbili za nyimbo zile zile. Moja tuliinasa Kangeta, tukiwa juu ya lori, muda mfupi kabla sijapanda ndege kuja huku ng'ambo, mimi nikiwa kwenye gita la besi. Ya pili mmeinasa mwaka huu studio Nairobi, Gitonga akiwa mahali pangu. Prodyuza atatoa albamu moja tu, ya kwanza katika maisha ya bendi yetu, na yeye anataka hiyo ya studio. Mwenda naye ameapa kwamba ngoma zake za Kangeta zisipotoka, anaacha bendi na kurudi kuuza viatu Meru mjini. Gitonga hasemi kitu kwa kuwa ni mgeni. Mama anataka ya studio kwa sababu haina yule mlevi anayepiga mayowe katikati ya wimbo. Na wewe umeniachia mimi, ukasema kwa ile sauti yako ya kuchoka: "Murithi, niambie tu ukweli. Usinibembeleze, na usijipendelee."

Hilo neno la mwisho limenikaa kooni. Unajua vizuri kwamba Kangeta ndiyo rekodi pekee duniani yenye vidole vyangu. Nikisema ni nzuri, nimejisifu. Nikisema ni mbaya, nimejizika mwenyewe. Kwa hiyo nimejaribu kusikiliza kama mtu asiyetujua, na nitakueleza nilivyofanya.

Kwanza ujue ninavyoishi, maana najua huwa nawadanganya kidogo. Kiwandani tunaoka mikate. Mashine zina kelele mbaya, kwa hiyo kila mtu huvaa vizuia sauti masikioni tangu anapoingia mpaka anapotoka. Tunaongea kwa vidole: kidole juu ni lete trei, kiganja ni simama. Wakati wa chai tunavivua, lakini mtu akishazoea kimya hakumbuki tena kuzungumza, kila mmoja anatazama simu yake. Nikifika nyumbani napanda ngazi, nafungua mlango, na sauti ya kwanza kuisikia ni ya funguo zangu mezani. Zipo siku nimelala bila kutamka neno kwa mtu. Ninasema hivi si ili Mama alie, usimsomee hapa. Nasema kwa sababu ni upweke, Kendi, na nimechoka kuuita jina lingine.

Sasa, Jumapili moja mchana nilipika ugali, nikaweka rekodi ya studio kwenye spika ndogo niliyonunua, nikaisikiliza yote. Ni safi. Sauti yako imesimama mahali pake, gita halikwaruzi, kila kitu kimepigwa pasi. Nilikula, nikaosha sahani, ikaisha. Halafu nikaweka ya Kangeta, sauti ikiwa pale pale, sikuongeza hata kidogo. Kabla ya wimbo wa tatu kuisha, mlango ukagongwa.

Ni bibi mzee anayekaa ghorofa ya chini yangu. Tangu nihamie hapa tumesalimiana kwa kichwa tu. Nikajua nimepatikana, nikaanza kuomba radhi kwa kelele. Akanisikiliza, akachungulia chumbani nyuma yangu, kisha akasema taratibu, "Nilifikiri leo umepata wageni."

Nikamwambia ni muziki, ni watu wa kwetu, walirekodiwa. Akasema aah, samahani. Akasimama kidogo, mtu akipiga mluzi ndani ya spika na wewe ukicheka kwenye maikrofoni, halafu akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Nilitaka kumkaribisha chai, lugha ikanikwama mdomoni.

Kendi, ile ya studio ilikuwa imepita juu ya kichwa chake na hakuisikia. Ya Kangeta ilimtoa kwenye kiti.

Nikataka kujua kwa nini. Pale kazini kuna mzee anaitwa Henrik, mpenzi wa roki wa siku nyingi, nywele zake zote zimeisha ila zile za shingoni. Nilimwandikia swali kwenye karatasi ya kufungia mkate, akacheka, na kesho yake akaniletea mfuko wa santuri na mashine ya kuzichezea. Bendi zile zile, kila moja mara mbili: albamu ya studio, na albamu iliyonaswa mbele ya watu. Nimezisikiliza kwa zamu, usiku wangu na mchana wangu wa kupumzika. Si kweli kwamba zote za jukwaani ni bora, usidanganyike. Nyingine ni kelele tupu, mpiga ngoma anabaki peke yake akijionyesha mpaka unatamani kumpokonya fimbo. Lakini zilipokuwa bora, zilikuwa bora kupita kiasi.

Henrik anasema studio hunasa wimbo ukiwa mchanga. Bendi imeutunga juzi, bado inaukanyaga kwa woga. Wakishazunguka nao miji na miji, wimbo unakomaa. Wanajua pa kuuvuta na pa kuuachilia, na hiyo ndiyo santuri ya jukwaani inayokuja kunasa. Nikamwambia kwetu ni kinyume, sisi tulianza na jukwaa kisha studio ikafuata, na bado jukwaa limeshinda. Hilo sikumwachia, nimelitafakari mwenyewe nikipanga trei.

Unakumbuka siku ile? Yule mfanyabiashara alikuwa anafungua duka lake la mabati, akataka bendi ya kuvuta watu, na watu wenyewe ni wa soko la miraa. Tulikuwa tumepanga kupiga polepole, kwa heshima, kama tulivyozoea kanisani kabla Baba hajatufukuza na magita yetu. Lakini tulichagua saa ambayo mtu wa huko Igembe hachagui. Miraa ilikuwa imeshafungwa kwenye majani ya migomba, pikapu zimepakiwa, na mzigo ukichelewa kufika Nairobi umelala, haununuliki. Watu wawili watatu tu ndio waliosimama kutusikiliza, wengine wote walikuwa mbioni. Ndipo yule dereva wa pikapu ya bluu akatoa kichwa dirishani akakuambia, "Madam, mkitaka tuwasikie pigeni haraka, hii mzigo inanyauka."

Na ukaharakisha. Ulimgeukia Mwenda ukamwonyesha kwa mkono, Mwenda akaongeza mwendo, mimi nikawafuata nikikimbia kama mtu aliyevaa viatu vya babake. Wimbo wetu "Njoo na Mwavuli", ambao tulikuwa tukiuimba kama watu waliofiwa, ukawa kitu kingine. Madereva wakawasha injini na hawakuondoka. Kila ukifika kwenye kiitikio, yule wa bluu alipiga honi, akaijua mahali pake kabisa, na wenzake wakaingia. Stima ikapotea. Hukunyamaza. Wale akina mama wanaouza kwa mafungu sokoni wakashika wimbo kwa makofi hadi jenereta ikanguruma. Mizigo ilichelewa siku hiyo, na matusi tuliyotukanwa na wenye mali yamo kwenye rekodi, sikiliza vizuri kabla ya wimbo wa nne.

Hicho ndicho studio haina. Si makosa, si vumbi, wala si yule mlevi wa Mama. Pale ulikuwa unamwimbia mtu ambaye ameshawasha gari. Usingempata, angeondoka. Studio ulimwimbia nani? Uliniambia mwenyewe: walikufungia kwenye kibanda, vipokea sauti masikioni, Mwenda alishapiga zake wiki iliyotangulia, Gitonga angepiga zake kesho yake, halafu prodyuza akawaunganisha. Nilipokusikia ukieleza nilinyamaza ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimeona kiwanda changu.

Juu ya lile wazo la prodyuza la kupatanisha, yaani achukue ile ya studio kisha abandike juu yake makofi na honi za Kangeta, nakuomba ukatae hata akikuahidi ng'ombe. Henrik anasema bendi kubwa kubwa zimewahi kufanya hivyo, na mtu husikia. Yule dereva alipiga honi kwa ajili yako ukiwa mbele yake na shati limelowa jasho. Hakupigia kibanda cha Nairobi. Usiwachukue watu wa Kangeta ukawakalisha mahali ambapo hawakwenda.

Basi nimeshasema Kangeta ni bora, na kama ningekuwa mjanja ningeishia hapa. Lakini uliniambia nisijipendelee. Kwa hiyo soma na hili. Gitonga ananishinda, Kendi. Si kwa sababu ya studio. Nimemsikiliza yeye peke yake, nikiwaziba nyinyi wengine kwa akili. Anajua kunyamaza, anakuacha uvute pumzi, kisha anaingia chini yako na kukubeba. Mimi Kangeta nilikuwa nakushikilia ili nisianguke. Katika "Njoo na Mwavuli" kwenye ubeti wa pili wewe uliruka mstari mzima kwa sababu niliingia mapema, ukaufanya uonekane kama ulipangwa. Watu hawakujua. Mimi kila nikifika hapo nafumba macho.

Iliniuma kukubali. Kwa wiki nzima nilitembea nayo nikijiambia kwamba kosa hilo ndilo linaloleta ladha, kwamba Henrik naye amesema makosa huleta uhai. Uongo. Nilitaka tu nibaki mahali fulani huko nyumbani, hata kama ni ndani ya rekodi tu.

Jibu langu ndilo hili. Msitoe ya studio, na msitoe ile yangu ya Kangeta. Rudini Kangeta. Mwambie prodyuza asubiri kidogo, naye akishindwa mtafute mwingine. Tafuteni lori, muombeni yule mwenye mabati awapangie siku ya soko, na mchague saa ile ile mbaya, pikapu zikiwa zimepakiwa. Mwenda apige kwa hasira yake yote, atakubali, mwonyeshe barua hii. Gitonga awe kwenye besi. Watu wa huko hawatawasubiri, na ndicho mnachohitaji. Hiyo ndiyo iwe albamu. Mimi sitakuwa ndani yake, nami nimeandika hivi kwa mkono wangu nikiwa na akili timamu, kwa hiyo usianze kunihurumia wala kubadilisha mawazo kwa ajili yangu.

Usinitaje jukwaani pia. Najua utataka kusema kaka yangu yuko ng'ambo, mpigieni makofi. Watapiga kwa heshima, na mimi nitasikia kuwa ni ya heshima. Wape wimbo.

Nisalimie Baba, mwambie sijaacha kusali ingawa gita sijaliacha pia. Mwambie Mama aache kubeba maji na goti hilo, Mungu anamwona na mimi namwona. Nisalimie nyanya, umwambie kwa sauti kubwa kwamba baridi ya huku haijaniua. Shangazi wa Kangeta mwombe awapikie mukimo siku mtakayorudi huko, msipige muziki mkiwa na njaa kama mara ile. Mwenda na Gitonga uwape mkono mmoja mmoja, na wa Gitonga uushike zaidi kidogo.

Ombi moja tu kwa fundi wa sauti. Wimbo wa mwisho ukiisha, asizime mashine. Aiache inase pikapu zikiondoka, na watu wakiulizana wanaelekea wapi, na nyinyi mkikunja nyaya mkigombana ni nani atabeba spika. Nitumie na hicho kipande, kirefu hivyo hivyo, msikipunguze. Nitakiweka Jumapili mchana nikila, na bibi wa chini akigonga, safari hii nitamwambia ndiyo, wageni wangu ndio wanaondoka, aingie tu.

Kaka yako anayekuwaza kila siku,
Murithi