Wamenifanya Farasi

Jumatatu, 12 Januari
Studio tena baada ya kazi. Tunaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya zamani ya kikauboi, ya kuangalia na watoto. Mimi ni Eli, mvulana mwenye farasi aitwaye Radi. Nina miaka arobaini na moja, ila ukifumba macho hujui. Theluji imeziba mlango wa ghala ilimo studio. Downsview yote, mtaa wetu huku ughaibuni, ni nyeupe. Koo linawasha.

Neema, binti yangu, alinisikiliza mistari jana. Kwa Kiswahili! Mtoto huyu nikimwita aje kula ananijibu Kiingereza. Lakini nikiwa Eli, yeye ni Radi, anakimbia sebuleni na kubishana nami kama kazaliwa Tanga.

Jumatano, 14 Januari
Homa. Sauti hakuna. Nimemwomba Pendo anishikie zamu. Tunasali naye kanisa moja. Mimi ndiye niliyempeleka studio, nikamfundisha asimame wapi mbele ya maiki na avute pumzi lini. "Pumzika, dada, nitakushikia." Mungu ambariki.

Jumatatu, 19 Januari
Nimerudi. Pendo yuko kwenye maiki. Kavaa hedifoni nilizozoea mimi. Hakugeuka.

Fadhili, mwongozaji wetu, akanivuta kando. "Si unarudi Bongo moja kwa moja mwezi ujao? Pendo katuambia. Nikaona bora nipate mtu atakayemaliza."

Sirudi popote. Sijawahi hata kusema. Nikamwambia hivyo. Akakuna kichwa. Wamesharekodi vipindi viwili, hawezi kumbadilisha Eli sauti kila wiki. Ila kuna nafasi. Milio ya asili ya farasi imepotea, lazima itengenezwe upya. Kila pumzi, kila mkoromo.

Wamenifanya farasi.

Jumanne, 20 Januari
Nimempigia Pendo. Hapokei. Nilitaka kuacha kazi. Siachi. Nikiacha nitakuwa mbali naye. Nataka niwe karibu.

Alhamisi, 22 Januari
Nimehema. Nimekoroma. Nimepiga midomo brrr kama mtoto mchanga. Wote wakacheka. Pendo naye akacheka, tena kwa sauti ya Eli. Sauti yangu. Nilisimama nyuma yake nikitazama kisogo chake, na humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika: nataka aumie. Si kidogo.

Neema kauliza mistari iko wapi. Nikamwambia farasi hana mistari. "Okei," akasema, akawasha tableti.

Jumapili, 25 Januari
Pendo katoa ushuhuda leo. Bwana amemfungulia mlango. Kanisa zima likapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mlango huo niliufungua mimi, kwa mikono hii hii.

Baada ya ibada akanifuata kwenye chai, andazi mkononi, kama hakuna kilichotokea. Kipindi cha mwisho kinamtisha. Farasi anauzwa, Eli anamuaga, lazima alie.

"Dada, wewe ulikuwa unaliaje?"

Sikuharakisha. Nilikunywa chai kwanza. "Koo lazima lichoke. Siku moja kabla ya kurekodi, toka nje kwenye baridi, piga kelele mpaka liwashe. Maji usiguse. Ndipo kilio kinatoka chenyewe."

Akanikumbatia! Akaniita dada yake wa damu.

Mimi nikiwa na kilio kesho yake najifunga skafu hadi masikioni, nakunywa uji, siongei na mtu.

Jumatano, 28 Januari
Kesho wanarekodi. Nje baridi ya kukata masikio. Mchana nilishika simu nimwambie asithubutu. Nikakumbuka kile kicheko. Nikaiweka simu chini. Nikapika uji.

Alhamisi, 29 Januari
Pendo kafungua mdomo, kikatoka kitu kama bawaba yenye kutu. Akajaribu tena. Hewa tupu. Akajishika koo, macho yamemtoka. Fadhili akatupa karatasi mezani. Kipindi lazima kiwe tayari kesho. Akanigeukia. Nilikuwa nimeshavua koti.

Nilisema mistari yote bila kusoma. Ilikuwa tamu. Sitajidanganya, ilikuwa tamu kuliko chochote mwaka huu. Imebaki tu sehemu ya Eli kumuaga Radi, tumeiacha hadi kesho. Pendo kapewa farasi. Kuhema hakuhitaji sauti.

Ijumaa, 30 Januari
Fadhili alitaka mvulana na farasi wasikike wamekaribiana, akatuweka kwenye maiki moja. Kwenye skrini Eli kaegemea shingo ya Radi. Nikasema, "Nenda. Usigeuke." Pendo akahema begani kwangu, pumzi inakwaruza, inakatika. Nikalia. Sikuwa nimepanga kulia pale, ilikuwa bado mistari miwili. Fadhili akasema inatosha, hatutarudia.

Tukavaa makoti. Tukajikuta kituo kimoja cha basi, Keele, hakuna mwingine.

"Ulijua itanikausha," akanong'ona. Ilibidi niiname ndipo nimsikie.

"Nilijua."

Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Na mimi nilijua hurudi Bongo."

Basi likaja. Viti vingi vitupu. Nikakaa dirishani, yeye akakaa mbele, nyuma ya dereva. Kituo cha Wilson akashuka. Akasimama pale chini akitafuta glavu mifukoni, mlango ukafungwa, tukaondoka.