Fedha Iliyochemshwa Bagara

Jumatatu, 9 Mei 1983
Jenereta imekubali kuwaka. Pampu imenyonya hewa yote kwenye kuba la kioo. Ndani yake kipande cha fedha kimechemka, mvuke ukatua juu ya kigae. Utando mwembamba kuliko unywele, mara maelfu. Umeme unapita humo, lakini si kama unavyopita kwenye waya. Hicho ndicho ninachokitafuta. Siku moja redio nzima itakaa kwenye ukucha. Chuoni Dar umeme ni wa kubahatisha, ndiyo maana nimehamishia kazi hapa nyumbani Bagara, kwa dizeli ya kibali cha serikali. Mke wangu, Mama Neema, analalamikia moshi. Masizi kwenye nguo, na sabuni haipatikani.

Jumatano, 11 Mei
Mdogo wangu Safari kaja kutoka Sigino kunisaidia. Anasema sokoni wananijadili. Trekta zimelala kwa kukosa dizeli, kwangu jenereta inanguruma kila siku. Tena Mama Neema alimwambia jirani kuwa natengeneza utando wa fedha. Mji umesikia fedha tu. Sasa eti nachapa noti. Nilicheka. Safari hakucheka.

Ijumaa, 13 Mei
Msako wa wahujumu uchumi umefika mtaani kwetu. Mwenye duka la pembeni kaburutwa kwa miguu, kichwa kikigonga mawe. Mke wake alituita majirani kwa majina. Sikutoka. Niliogopa.

Jumamosi, 14 Mei
Wamekuja. Mgambo watano, nyuma yao umati. Kiongozi wao Hando. Nilisoma naye shule ya msingi.
"Profesa, toa mashine ya noti!"
Pampu ilikuwa inafanya kazi. Akainua rungu juu ya kuba.
"Hando, usiguse! Litapasuka!"
Akapiga. Kuba lililotolewa hewa hubomokea ndani, kisha vioo huruka. Vilimpata usoni. Jicho la kushoto likamwagikia shavuni. Huko nje mtu akapiga yowe kwamba ni bomu.
Wakatuangukia. Mkono wangu wa kulia waliuweka kwenye kizingiti, wakauponda kwa jiwe. Nilisikia mifupa ikisagika. Safari akanilalia juu. Rungu, mateke, mpini wa jembe. Kila pigo nililihisi kupitia mwili wake. Mama Neema akatoka jikoni na panga, akamkata mmoja begani. Damu ikaruka ukutani. Ndipo wakatawanyika.
Nikamwambia Safari ainuke. Nikamwambia tena. Alikuwa mzito mno.

Alhamisi, 19 Mei
Hospitali. Hayo ya Jumamosi na haya nimeyaandika leo, kwa mkono wa kushoto. Herufi za mtoto. Safari kazikwa bila mimi. Polisi walimhoji Mama Neema, wakamwachia. Hando wamemlaza kitanda cha jirani, kichwa chote bendeji. Namsikia akipumua. Inanikera kwamba anapumua.
Leo kaniuliza, "Mle ndani mlikuwa na nini?"
"Hamkuwa na kitu. Hata hewa."
"Sasa jicho langu limetolewa na nini?"
Nilipima shingo yake kwa macho. Mkono mmoja hautoshi kumnyonga, na huo mmoja ni dhaifu.
Alasiri akaomba maji. Muuguzi hakuwepo. Nilikaa na kikombe hadi akaanza kulia kama mtoto. Nikampa. Akanywa yote, akasema asante. Namchukia vilevile.

Jumapili, 12 Juni
Sigino. Maharage ya Safari yamekauka shambani, hayangoji msiba uishe. Nimekuja kumsaidia mjane wake, Paulina. Yeye anapura, mimi napepeta kwa mkono mmoja. Mengi nayamwaga. Anainama, anayaokota. Upepo ulikuwa mzuri. Mchana alininawisha, akanikatia ugali vipande vidogo, akasogeza sahani karibu.
"Kula, shemeji."
Nikala.