Tundu la Bluu Nyuma ya Rauta

Alhamisi, Ujiji. Mvua alfajiri, jua kali mchana.

Shajara yangu, leo nina hasira, lakini ni hasira nzuri, ile inayomfanya mtu afagie nyumba nzima bila kuombwa. Mvua imewakuta watu wameanika dagaa, kwa hiyo mtaa mzima unanuka tangu asubuhi na kila mtu ananuna. Mimi nimenuna kwa sababu nyingine.

Acha nieleze kwa mpangilio.

Kazi yangu ni ukalimani. Kituo cha afya kikipata mgonjwa anayejua Kirundi au Kiha tu, wananipigia kwenye kompyuta. Mimi nipo hapa sebuleni kwa mama, namsikiliza mgonjwa, namwambia daktari kwa Kiswahili, kisha narudisha jibu kwa mgonjwa. Ofisi iko Dar es Salaam. Mwezi huu simu zangu zimekatika katikati ya mazungumzo si mara moja. Mara ya mwisho mama mmoja alikuwa anaeleza anapoumia, sauti ikapotea, na daktari akabaki anamtazama tu.

Dada Hilda, meneja wangu, hafokei mtu. Aliniambia kwa upole kwamba leo saa nne atakuwa kwenye simu yeye mwenyewe, pamoja na mgonjwa wa kweli. Laini ikikatika tena, au nisipopatikana, nihamie Dar nikakae kwenye vile vyumba vyao vya ofisi, au nimwachie nafasi mtu mwingine.

Nihamie Dar nikafanye nini? Kirundi kiko huku. Kiha kiko huku, sokoni, kisimani, kwa jirani. Mama alipoisikia habari hiyo aliacha kuchambua mchele akauliza, "Wanakuita Dar ukamsikilize Mrundi?" Ndivyo ilivyo hasa.

Watu wakiniuliza kwa nini sitaki kuhama, huwa nawaambia siwezi kumwacha mama peke yake. Wanatikisa kichwa kwa huruma. Lakini mama ana miguu mizima kuliko yangu, na nyumba yake haijawahi kuwa na upweke hata siku moja. Ukweli ni kwamba mimi ndiye sitaki. Niliishi Dar, nikarudi kwa hiari yangu, na napapenda hapa. Sioni kwa nini nihitaji sababu kubwa kuliko hiyo.

Basi. Asubuhi nimeoga, nimevaa gauni la heshima, nimefungua kompyuta mapema. Alama ya mtandao imejaa vizuri. Simu yangu nayo, vijistari vyote vimesimama. Nikabonyeza kufungua ukurasa wa kazi.

Hakuna kitu.

Nikajaribu barua pepe, hakuna. Nikajaribu tovuti ya habari, hakuna. Kompyuta inasema imeunganishwa, lakini haifiki popote.

Hapa inabidi nimtaje Fundi Shabani. Ndiye aliyetufungia intaneti na ndiye tunayemwita ikigoma. Akija huwa anaigeukia rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, na kutupa mgongo, mikono yake inafanya kitu huko nyuma, taa zinawaka, anaondoka. Siku moja nilimwomba anionyeshe kila waya unafanya nini. Akacheka, si kwa ubaya, cheko la mtu anayemjibu mtoto. Akasema, "Dada, wewe jua kuwasha na kuzima. Ya nyuma niachie mimi." Kabla hajaondoka akabandika karatasi juu ya rauta, maandishi mekundu makubwa: USIGUSE.

Nilikaa na ile karatasi miezi kadhaa. Nasoma kila siku nikipita, maana hata kupitia kitambaa cha kufuma cha mama yale maandishi mekundu yanaonekana. Mimi ninayewasemea watu maumivu yao mbele ya madaktari, sebuleni kwetu naambiwa nisiguse.

Nimempigia. Hapatikani. Nimempigia tena, hapatikani. Mke wake ndiye aliyeniambia kwamba kaenda Ilagala tangu jana kufunga vifaa mahali, na huko alikolala mtandao wa simu unakuja na kuondoka.

Mama Mdogo alikuwa kaketi kwenye mkeka na chai yake. Amelala hapa kwa sababu jana tulikuwa na ugeni mkubwa: wamekuja kumposa binti yake, na nyumba ya mama ndiyo yenye sebule ya kutosha wageni. Akaniona ninavyohangaika, akachomoa pini kwenye mtandio wake akanipa. Alisema mjukuu wake akikwama huwa anachoma kile kitundu kidogo kabisa cha nyuma, na kila kitu kinaanza upya.

Nusura nichome. Nakiri, mkono ulikuwa umeshainuka.

Lakini hicho kitundu nilikuwa nimewahi kusoma habari zake. Ukikibana na pini, rauta inasahau kila ilichofundishwa: jina, nywila na mipango yote ya laini aliyoiweka Shabani. Ningebaki na sanduku lisilojua hata lipo nyumbani kwa nani. Nikamrudishia pini yake. Akakunja midomo na kuirudisha kwenye mtandio.

Ndipo nikaamua kuigusa.

Niliondoa kwanza kitambaa. Kwetu hakuna kifaa kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni inacho, friji linacho, na rauta nayo mama aliifumia cha maua ya zambarau. Nikakivuta, na nikashangaa mambo mawili. Rauta ilikuwa ya moto kama sufuria. Na ile karatasi ya USIGUSE haikuwepo.

Niliigeuza rauta mgongo. Shajara, nimeishi na kitu hiki muda wote huu na leo ndiyo mara ya kwanza nimekiangalia nyuma. Wala hakitishi. Kuna tundu la duara la umeme. Kuna swichi. Kuna tundu bapa ambalo mama huchajia kitochi chake. Kuna matundu ya njano, mapana kiasi cha kidole, yamepangana mstari mmoja yakifanana. Halafu, kando kidogo, kuna tundu moja la umbo lile lile ila ni la bluu, na juu yake pamechorwa kijidunia.

Tundu la bluu lilikuwa tupu.

Sikukimbilia kufanya kitu. Nilishika waya mmoja mmoja nikaufuata kwa vidole hadi mwisho wake, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi uliotatizika. Mmoja ulikwenda kwenye kompyuta yangu. Mwingine ulikwenda kwenye kile kiboksi cheupe cha ukutani, ambako faiba, waya unaoleta intaneti, inaingilia kutoka barabarani. Taa za kiboksi zilikuwa kijani zote, kwa hiyo huko nje hakukuwa na tatizo. Lakini waya wake ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la njano, sambamba na wa kompyuta, wamekaa pamoja wanapendeza.

Nikaiona nyumba yetu hii. Nyumba ya Kiujiji ina mlango wa barabarani, na ndani ina milango ya vyumba. Matundu ya njano ni milango ya vyumba. Kompyuta inaongea na rauta, simu inaongea na rauta, wote wako ndani wanaelewana vizuri, ndiyo maana vijistari vilijaa. La bluu ndilo mlango wa barabarani. Yule mgeni kutoka nje, aliyebeba intaneti yote, alikuwa ameingizwa kwa mlango wa chumba, na rauta haikujua kama ni mgeni.

Nikauliza nani amezigusa hizi nyaya. Sikufoka. Mama Mdogo akaanza kunywa chai ambayo nadhani ilikuwa imekwisha. Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Ni mimi," akasema. "Wageni wanaingia, wanakuta karatasi inawaambia wasiguse. Nyumba gani hiyo?"

Kumbe jana, kabla ya watu wa posa kufika, walichomoa kila kitu, wakaiosha karatasi ya Shabani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka ikatoka, wakapangusa vumbi, wakachomeka tena. Kwa uangalifu, mama alisisitiza. Aliona matundu ya njano yamejipanga vizuri, akaziweka nyaya pamoja. Lile la bluu limekaa kando peke yake, akadhani ni la akiba.

Ningekasirika, ningeweza. Lakini nilimwangalia mama alivyosimama na kidevu chake juu, hajutii ile karatasi hata kidogo, nikajua nimeirithi wapi tabia yangu.

Nikachomoa waya wa ukutani kwenye njano, nikaupeleka kwenye bluu. Ukaingia. Lakini haukulia. Ule wa kompyuta nilipoujaribu ulilia tak, ukakaa. Huu wa ukutani ukaingia kimya na nikiuvuta kidogo tu unatoka. Nikaupeleka dirishani. Kile kijino chake cha plastiki kinachoushikilia kimevunjika.

Hapo ndipo hasira yenyewe iliponipanda. Tundu la bluu liko jirani na lile la kuchajia kitochi. Kila mama akichomoa kitochi chake, anautikisa waya usio na jino, unalegea, na mimi huku simu inakatika. Shabani akija anausukuma tu ndani. Anausukuma! Hiyo ndiyo siri ya nyuma niliyokatazwa. Ama hakukiona kile kijino, ama alikiona akaona hainihusu. Sijui ipi ni mbaya zaidi.

Saa nne ilikuwa inanijia mbio. Sikuwa na waya mpya, na mpaka nifike mjini kununua Dada Hilda angekuwa ameshakata shauri. Nikauangalia waya wa kompyuta, mzima, jino lake zuri. Kompyuta inaweza kupata mtandao hewani bila waya. Mlango wa barabarani hauwezi.

Nikauchomoa kwenye kompyuta. Nikauchomeka upande mmoja kwenye kiboksi cha ukutani, tak, upande wa pili kwenye bluu, tak. Kitochi cha mama nikakihamishia kwenye soketi ya ukutani. Nikaizima rauta, nikaiwasha upya.

Tukasubiri watatu, tumeinama mbele ya kijisanduku. Taa ya umeme ikawaka. Taa ya hewani ikawaka. Ile ya kijidunia ikabaki imezima, na ikaendelea kubaki imezima, na Mama Mdogo akaanza kupapasa mtandio wake kutafuta pini. Nikamwambia asubiri. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

Ikawaka.

Kijani.

Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaona haya akarudi jikoni.

Dada Hilda alipiga saa nne kamili. Mgonjwa alikuwa mwanamke kutoka Burundi. Nilimsalimu kwa Kirundi, "Amahoro," akaitikia, na nikasikia pumzi yake inashuka kama watu wanavyoshusha pumzi wakisikia lugha ya kwao. Aliyoyasema siyaandiki hapa, ni yake na daktari wake. Naandika tu kwamba aliongea mpaka akamaliza, daktari naye akaongea mpaka akamaliza, na hakuna neno hata moja lililopotea njiani. Katikati nilisikia mama anapita nyuma yangu kwenda kuchukua kitochi chake. Nilifumba macho. Akakichomoa kwenye soketi ya ukutani. Simu ikaendelea.

Baadaye Dada Hilda akabaki kwenye laini peke yake. Aliniuliza fundi amebadilisha nini. Nikamwambia fundi yuko Ilagala. Akasema basi nibaki huko huko, na wiki ijayo atanipa zamu zaidi.

Nililia kidogo. Halafu nikala ugali na dagaa mpaka nikavimbiwa.

Jioni Shabani akapata mtandao, akaona nimempigia mfululizo, akanipigia. Hata salamu hazikuisha. Akasema nisiguse kitu, kesho anarudi, atapita.

"Nimeshagusa," nikamwambia.

Akauliza nimegusa nini. Nikamtajia: waya wa faiba, tundu la bluu, jino lililovunjika, kitochi. Nilimtajia polepole, kwa jina moja moja, nikayafurahia. Mwishowe akasema ataniletea waya mpya, na kwamba ataweka karatasi nyingine maana ile bila shaka imeshatoka.

Nikamwambia alete waya. Karatasi asilete.

Sasa jua linazama upande wa Kongo na mama ameiweka rauta mahali pake. Kitambaa amekirudisha, singeweza kumshinda, ila amekikunja mara mbili kikae mbele tu, nyuma na pembeni pabaki wazi pate hewa. Kabla ya kuondoka aliinama akagusa tundu la bluu kwa ncha ya kidole, akaniuliza kama hili ndilo la barabarani. Nikamwambia ndilo. Akaligusa tena, kuhakikisha.

Ni mambo gani mengine humu ndani nimekuwa nikiyazunguka kwa mbali kwa sababu mtu aliniambia nisiguse? Naanza na mita ya umeme, kesho, nikishakunywa chai.

Siendi Dar.