Ni Saa Moja Tu Angani

Chang'ombe, Dodoma

Kaka yangu Ernest,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko Dar es Salaam, wewe, wifi Salha na watoto. Sisi huku tu wazima, ila upepo huu wa kiangazi na vumbi lake umetupasua midomo. Usishangae nimeandika wakati simu ninayo. Kuna maneno nikiyasema nitalia, nawe utanibembeleza, na sistahili. Ndiyo maana nimempa mama akuletee mkononi.

Bila shaka umeona alivyofungasha! Mlenda mkavu, karanga, unga wa uwele, utadhani Dar watu hawali. Nilimwambia ndege ina kipimo cha mizigo, akaniambia nimwache.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mwezi uliopita mama alikwenda Buigiri kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akamkuta Mama Emilia ametoka kumwona mwanawe huko kwenu. Mama akampa pole ya kukaa kutwa nzima angani na miguu ile yake mibovu. Mama Emilia akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kutwa ya wapi, ni kama kilomita mia nne tu, saa moja hivi. Yeye hata juisi aliyopewa hakuimaliza, wakaambiwa wafunge mikanda, wanashuka. Hayo nilisimuliwa baadaye na Mama Emilia mwenyewe; mama aliporudi hakuyataja. Hakuniuliza kitu. Kesho yake ndipo alipokupigia kuomba tiketi.

Kaka, hiyo kutwa nzima nilimwambia mimi. Kila ulipomwalika, nilimtisha kwamba ndege inakaa hewani tangu asubuhi hadi jioni, na presha itampanda. Wewe nikakuambia mama hataki. Uliponiuliza kama ni kwa sababu ya Salha na dini yake, nikanyamaza. Nilijua unavyowaza, nikakuacha uwaze hivyo. Mama hajawahi kumsema vibaya wifi hata siku moja. Niliogopa tu kwamba akifika kwako hatarudi, nami nibaki peke yangu kwenye nyumba hii. Ni roho mbaya, sina jina lingine. Nisameheni, na tafadhali msomee Salha barua hii yote, usiruke mahali.

Unajua mama hafagii uwanja mtu akisafiri, mpaka asikie amefika. Ulipoondoka baada ya kumzika baba, ulinipigia mapema kwamba umeshafika. Mimi nikamwambia jioni, ili uongo wangu usimame. Kutwa nzima alizizunguka nyayo zako asizikanyage, fagio liko ukutani.

Jana tukifunga begi nilimwambia leo nami sitafagia mpaka nisikie amefika. Akasema nifagie tu, si ni saa moja.

Nisalimie wote, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Mama asikose dawa zake za asubuhi.

Sitafagia, kaka. Ukimaliza kusoma, hata kama una hasira, nipigie.

Mdogo wako,
Loisi